Sauti ya Pili ya Wimbo wa Voi

Mjomba wangu alikuwa na gramafoni kabla ya kuwa na kitanda. Alifanya kazi ya reli pale Voi, akibadilisha njia ili treni ya Taveta ishike ya Taveta na ya Mombasa iendelee na safari yake, na alikaa katika nyumba za reli, chumba kimoja cha mabati ambacho ikifika saa sita mchana hakikaliki. Yeye alilala juu ya mkeka. Gramafoni ilikaa juu ya kiti, na kwa kuwa kiti kilikuwa hicho kimoja, mgeni alipokuja alikaa chini pamoja naye, gramafoni ikabaki na heshima yake.

Sisi tulikuwa watu wa milimani. Mama alilima kabichi na karoti, na wakati wa likizo nilishuka naye kwa lori la mboga, tumeketi juu ya magunia, hadi stesheni. Shughuli za mizigo zilichukua muda, kwa hiyo mama alinituma kwa mjomba nisipigwe na jua.

"Mama mchungaji ameingia," mjomba alisema kila niliponyosha kichwa mlangoni. Nilikuwa navaa sare ya kwaya hata katikati ya wiki, maana nguo nyingine nzuri sikuwa nayo. "Nifunike hiki kitu ama utakiombea?"

"Kipige, mjomba."

"Na mama yako akisikia?"

"Mama yuko stesheni, anagombana na mizani."

Sindano za gramafoni zilitoka Mombasa na hazikudumu. Mjomba alitumia mwiba wa mgunga. Aliuchonga kwa wembe, akauchomeka pale pa sindano, akazungusha mkono wa mashine. Mwiba hutoa sauti laini, isiyo na makali ya chuma, lakini huchoka kabla ya wimbo kwisha, na hapo waimbaji huanza kusikika kama watu walio nyuma ya ukuta. Basi alichonga mwingine. Nje ya nyumba yake palikuwa na miiba ya kuwatosha waimbaji wote wa pwani na bara.

Wimbo ninaotaka kuusimulia niliusikia hapo, sakafuni, nimeshika kikombe cha chai ya rangi ambayo sikuinywa. Wanaume wawili na magitaa mawili. Maneno hayakuwa na ubaya wowote: mtu yuko stesheni anamngoja mpenzi wake, treni inafika, mpenzi hayumo. Mimi maneno sikuyajali sana. Nilichokisikia ni gitaa la chini. Lile la juu lilikimbia na kuchekacheka kama kila mtu anavyopenda, na chini yake kulikuwa na jingine, linatembea polepole, halina haraka, na mahali ambapo la juu lilipanda, lenyewe liliteremka likangoja.

Kanisani niliimba sauti ya pili. Aliyewahi kuiimba anajua kwamba hakuna anayekuja ibadani kuisikiliza. Watu hutoka nje wakisifu sauti ya kwanza. Nilikuwa nimeipokea kazi hiyo kama mtu anavyopokea kuteka maji, na siku ile kwa mjomba nikagundua kwamba huko duniani kuna mtu, simjui, hajui kama nipo, anayeifanya kazi yangu kwa furaha. Nilianza kucheka peke yangu.

"Unacheka nini?" mjomba akauliza.

"Hili la chini. Linamfuata mwenzake kama mtu asiyetaka kuonekana."

Aliinua mwiba, akaurudisha mwanzo. Tulisikiliza tena. "Mimi miaka yote nasikiliza la juu," akasema, na nikaona amenitazama vingine.

Nilimshukuru Mungu siku ile kwa ajili ya wimbo huo, na sijaacha kumshukuru. Naliandika hili mapema ili msomaji asije akadhani nilipoteza imani pale Voi.

Wimbo niliubeba kichwani hadi mlimani, nikiuimba moyoni juu ya magunia matupu, nikiogopa kila lori liliporuka shimo kwamba ungemwagika. Wa kumpelekea alikuwepo. Alikuwa binti wa mzee wa kanisa, tulikaa dawati moja, tulipata kipaimara siku moja, na kwenye kwaya alisimama kushoto kwangu. Sauti ya kwanza ilikuwa yake. Ilikuwa sauti safi, isiyotafuta mahali pa kukanyaga. Voi hakuwahi kufika. Baba yake alisema Voi ni vumbi na pombe, na kwamba mwenye haja ya Voi ni kabichi, si watoto.

"Umeniletea nini?" alikuwa akiniuliza kila niliporudi, na hakuwa na maana ya mandazi.

Tulikata majani ya ng'ombe chini ya kanisa, karibu na kijito. Hapo ndipo nilipomfundisha. Nilimwimbia gitaa la juu, akalishika upesi kuliko mimi, kisha nikatafuta njia ya kuliimba lile la chini. Haliimbiki lilivyo, koo la mtu halina vidole. Ilinibidi nilipunguze, niache huku, niongeze kule, mpaka likawa sauti ya pili ya kweli, lakini pale pa kuteremka na kungoja nilipaacha vilevile. Tulipaita pale pa kushuka. Tulipofika hapo, yeye akipanda na mimi nikiteremka, tulikuwa tukishikana mikono bila kupanga.

Hofu yetu ilikuwa wapita njia. Mwenye kipaimara kuimba nyimbo za ngoma lilikuwa jambo la kuitwa mbele ya wazee. Yeye ndiye aliyepata dawa yake.

"Tuimbe kwa do re mi," akasema. "Nani atajua?"

Shuleni na kwenye kwaya tulijifunza kila wimbo kwa do re mi kwanza, ndipo tukawekewa maneno. Kwa hiyo sisi tuliyaondoa maneno ya yule mtu wa stesheni, tukabaki na so mi re do. Siku moja baba yake mwenyewe alipita juu ya ukingo na jembe begani, akasimama kusikiliza.

"Vizuri, binti zangu. Endeleeni na mazoezi. Mungu awabariki."

"Amina, baba," binti yake akajibu, sauti imetulia kabisa. Alipoondoka tulizika nyuso zetu ndani ya majani tuliyokata, tukacheka hadi mbavu zikauma.

Hiyo ndiyo ilikuwa furaha yetu, na sikupata nyingine ya namna hiyo tena. Kuupenda wimbo peke yako ni jambo jema. Kumpa mtu wimbo unaoupenda, ukamwona usoni umemfikia, nilikuwa sijui kwamba Mungu amewapa wanadamu kitu kama hicho bila kuwatoza.

Sasa nieleze habari za kinanda. Kanisa letu lilikuwa na kinanda cha kukanyaga, kilichotoka ng'ambo zamani, na mpigaji wake alikuwa mwalimu wa kwaya. Miguu ya mwalimu ilikuwa imeanza kuvimba na pedali zilimshinda. Alitufundisha sisi wawili, mmoja baada ya mwingine, kila Jumamosi, naye akasema hadharani kwamba baada ya sikukuu ya mavuno mmoja wetu atakikalia. Kwa mama yangu alisema waziwazi zaidi. Alimwambia kwamba mwenzangu ana sauti lakini mimi nina sikio, na kinanda kinataka sikio. Mama alijaribu kutoonyesha fahari. Alishindwa, jirani wote walijua kabla ya jioni.

Nilikitaka kinanda kile. Usiku niliomba nisikitake kupita kiasi, na asubuhi vidole vyangu vilikuwa vikicheza juu ya ukingo wa karai.

Mwalimu alitukuta kijitoni wiki chache kabla ya mavuno. Alikuwa akija taratibu na fimbo yake, hatukumsikia. Tulipomaliza alikuwa ameketi juu ya jiwe, amevua kofia.

"Huo ni upi?"

Nilifungua kinywa. Mwenzangu akanitangulia.

"Tumeutunga, mwalimu."

"Ninyi?"

"Sisi wenyewe. Tulikuwa tukikata majani, wimbo ukaja tu."

Aliomba tuurudie, tukarudia. Aliuliza sauti ya pili ni ya nani, nikasema ni yangu, na hapo angalau sikumdanganya. Akatikisa kichwa polepole. Alisema amefundisha kwaya tangu ujana wake na hajasikia sauti ya pili inayongoja namna ile. Jumamosi iliyofuata alikuja na maneno aliyoyatunga mwenyewe ya kushukuru kwa mahindi na mvua, akayaweka juu ya wimbo wa Voi, na kwaya nzima ikaanza kujifunza wimbo wa mavuno.

Tukirudi nyumbani nilimwambia mwenzangu, "Lazima tumwambie."

"Tumwambie nini? Kwamba wimbo uliomvua kofia umetoka kwa gramafoni ya mjomba wako?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Atakufa kwa aibu. Kwaya yote imeujua." Alitembea kidogo. "Ngoja mavuno yapite. Tutamwendea pamoja, mimi na wewe." Akanishika kidole cha mwisho, kama wasichana wa kwetu walivyofanya walipoahidiana, akakivuta. Nilikubali.

Miaka ile ya hamsini uamsho ulikuwa umeingia milimani. Jumapili alasiri watu wa ushirika walikutana katika darasa la shule, na desturi yao ilikuwa kuyaweka mambo nuruni. Mtu alisimama, akataja dhambi yake bila kuficha, na alipomaliza wote walimwinukia kwa wimbo wa shukrani, wakamkumbatia. Nimeona watu wakipona pale, siudharau ushirika ule, umenilea. Ila palikuwa na tabia moja iliyokuwa ikiota kama magugu. Mtu akitubu dhambi waliyoifanya wawili, alimtaja na mwenzake, na baada ya wimbo darasa lote lilinyamaza likimngoja huyo aliyetajwa asimame.

Jumapili kabla ya mavuno mwenzangu alisimama. Hakuwa ameniambia kitu. Tulikuwa tumekuja tukiongea habari za kabichi.

"Ndugu, Bwana amenionyesha," akaanza, akilia tayari. "Nimekuwa nikiimba nyimbo za dunia. Mwenzangu huyu amekuwa akiniletea kutoka Voi, kwa mjomba wake mlevi. Na wimbo wetu wa mavuno si wa kumtukuza Mungu. Ni wa ngoma. Mwalimu amedanganywa, nami nilinyamaza kwa sababu nilimwogopa mwenzangu."

Waliinuka wakaimba. Wanawake walimkumbatia, baba yake akajifuta macho kwa kiganja. Mimi nilibaki nimekaa. Nakumbuka nilikuwa nikisikiliza wimbo wao wa shukrani, na sikio langu, bila ruhusa yangu, lilikuwa likitafuta sauti ya pili.

Kisha wakanyamaza, wakaningoja.

Nilisimama. "Nyimbo nilizileta mimi," nikasema. "Lakini mjomba wangu halewi."

"Dada," akasema aliyekuwa akiongoza, "hatujauliza habari za mjomba."

"Zimetajwa, ndugu. Ndiyo sababu nazijibu."

"Taja dhambi yako."

"Tulimficha mwalimu. Kwa hilo namwomba Mungu msamaha, na mwalimu mwenyewe pia." Mwalimu alikuwa karibu na dirisha, fimbo katikati ya magoti. Hakuinua macho. "Lakini wimbo wenyewe, ndugu zangu, nimeutafuta ubaya wake na sijauona. Nikisema nimeuona nitakuwa nimesema uongo hapa nuruni."

Ningeweza kuongeza kwamba si mimi niliyesema tumeutunga. Nilimtazama mwenzangu aliseme mwenyewe. Nilimpa muda. Alikuwa akiangalia mikono yake, na mama mmoja alikuwa bado amemshika mabega.

Nilikaa. Hakuna aliyeniimbia.

Wazee walikutana. Wimbo wa mavuno ukaondolewa. Mimi niliwekwa nje ya kwaya mpaka nitakapovunjika moyo kwa toba, ndivyo walivyosema, na baada ya mavuno kwenye kinanda akakalishwa mwenzangu, aliyekuwa na ushuhuda mzuri. Mwalimu alikuja nyumbani kwetu siku ya pili yake, akakaa kwenye kigoda, akapewa uji.

"Si mimi niliyeamua," akamwambia mama.

"Najua, mwalimu. Kunywa uji."

Akanigeukia. "Ile sauti ya pili. Nayo ilikuwa kwenye santuri?"

"Ilikuwapo kama gitaa. Ya kuimba niliitunga mimi."

"Hiyo nilijua." Alizungusha kikombe. "Mngeniambia siku ile ningekasirika mpaka jioni. Kesho yake ningeuimba."

Alipoondoka mama alisafisha kikombe muda mrefu kuliko kilivyohitaji. "Mdogo wangu ameitwa mlevi mbele ya kanisa zima," akasema, "na mwenyewe hana habari. Yuko huko anachonga miiba."

Mwenzangu alinifuata kijitoni. Nilikuwa nakata majani upande wangu, yeye akaanza kukata upande wake, kama kawaida.

"Umenikasirikia?"

"Kwa nini ulisema mlevi?"

"Ilinitoka."

"Na kidole ulichonivuta?"

"Roho aliniambia nisingoje."

"Alikwambia useme yangu kabla ya yako?"

Aliacha kukata. "Ungesimama ukatubu tu, wangekuimbia na wewe. Mambo yangekwisha siku ile ile. Kinanda kingekuwa chako, mimi nisingekitaka. Ni wewe uliyefanya kiburi."

Alisema hivyo kwa upole kabisa, na nadhani aliamini. Ndilo lililoniumiza zaidi ya yote. Aliyeniuza alikuwa pia akinisikitikia. Nilifunga mzigo wangu kabla haujatosha, nikapanda nao. Ng'ombe alilala njaa kidogo siku hiyo.

Sikuacha kanisa. Nilikaa nyuma pamoja na akina mama wenye watoto wachanga, nikaimba sauti ya pili kutoka huko nyuma, maana huko hakuna mzee aliyeweza kunitoa. Kwa wakati wake nilirudishwa kwenye kwaya bila maneno mengi. Kwa mjomba niliendelea kushuka na lori. Nilisikiliza, nikafurahi, na niliporudi mlimani sikumletea mtu yeyote kitu.

Niliolewa kabla miaka hiyo ya hamsini haijaisha, na mtu wa Rukanga, chini ya mlima Kasigau, mkulima mcha Mungu ambaye nimeishi naye kwa shukrani. Harusi ilikuwa kanisani kwetu. Mwalimu, ambaye sasa hakuweza kupanda ngazi za mbele, aliwekewa kiti karibu na mlango. Mjomba alikuja amevaa koti la kuazima lililomzidi mabega. Kwenye kinanda aliketi mwenzangu.

Wakati wa sadaka alianza kupiga kitu polepole, kwa utulivu wa utenzi. Watu walifumba macho, hata wanakwaya waliowahi kuujifunza kwa mavuno. Nilihitaji muda kuujua, kwa jinsi alivyoupunguza mwendo, kisha nikaujua mwili mzima. Ulikuwa wimbo wa Voi. Wimbo alioulilia darasani, ulioninyima kiti kile alichokalia, alikuwa ameuweka miaka yote, akautunza. Juu ya kinanda palikuwa na kioo kidogo cha mpigaji kumwona mchungaji. Macho yake yalikuwa ndani ya kioo hicho, yananitafuta, na yalikuwa yakitabasamu.

"Wimbo mzuri," mume wangu akaninong'oneza. "Ni upi?"

"Ni wa Voi."

Alidhani natania. Mjomba, safu ya tatu, alikuwa ameziba mdomo kwa mkono wa koti na kuangalia dari kana kwamba anahesabu mbao.

Halafu kinanda kikafika pale pa kushuka. Mkono wake wa kulia ulipanda vizuri. Wa kushoto haukuteremka, haukungoja. Ulipanda nao, kama mtu anayekimbia kumshika mwenzake. Hakuna aliyesikia kosa. Mlangoni mwalimu aliinua kichwa na kunitazama moja kwa moja, kisha akakiinamisha tena.

Nje, watu wakipeana mikono na watoto wakigombania peremende, mwenzangu alinijia akanikumbatia.

"Umeusikia?"

"Nimeusikia."

"Ni zawadi yangu kwako. Hakuna aliyejua."

"Mjomba amejua."

Alicheka, kile kicheko cha ndani ya majani. "Na wewe? Hukufurahi?"

"Pale pa kushuka umekosea."

"Najua." Alinishika mkono. "Nakosea siku zote. Nimejaribu na kujaribu, sipapati. Njoo unionyeshe, mara moja tu. Kinanda hakijafungwa."

Mlango ulikuwa wazi nyuma yake, na kinanda nilikiona kutoka pale, kifuniko juu, kiti kitupu. Nilimwambia watu wanangoja chakula.

Nilikuwa nimekwisha kumsamehe wakati huo, mbele ya mchungaji na mbele ya Mungu, na sikusema uongo. Namwombea hadi leo. Asubuhi namtaja kabla ya kuwataja wanangu. Alikipiga kinanda kile mpaka alipozeeka, na kila mavuno, nikiwa nimepanda kutoka Rukanga kuja kushukuru pamoja na watu wa kwetu, niliusikia tena wimbo wa Voi wakati wa sadaka, na mkono wa kushoto ukipanda pale usipopaswa. Kila mara aligeuka kidogo kwenye kiti, akiniangalia.

Pale pa kushuka sijamwonyesha.